Tumbo linasumbua, vipimo safi: mwongozo wa kuishi na IBS

"Nimepimwa kila kitu, majibu yote safi, na tumbo bado linauma. Sasa nifanye nini?" Swali hili huja karibu kila wiki, na nyuma yake huja mengine: niache maziwa au ngano? Kuna dawa ya kumaliza kabisa? Mbona jana nilikula chakula kilekile na sikuumwa? Nimeamua kuyajibu mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu anayeanza anaweza kuufuata bila kukisia.

Nadharia nitakupa kidogo tu. IBS (kifupi cha Kiingereza cha irritable bowel syndrome) ni ugonjwa ambao utumbo hauna kidonda, uvimbe wala saratani, ila mawasiliano kati ya utumbo na ubongo yamevurugika. Ukuta wa utumbo una mishipa yake ya fahamu mamilioni kwa mamilioni, na kwa mwenye IBS mishipa hiyo huhisi mambo kupita kiasi. Gesi ambayo jirani yako haisikii, wewe inakukunja. Misuli nayo husukuma haraka mno, ukaharisha, au polepole mno, ukafunga choo. Kwa vigezo vya kitaalamu vya mwaka 2016 vinavyoitwa vigezo vya Roma, watu kama 4 kati ya 100 wanao. Kwa wengine ulianza baada ya kuharisha vibaya kwa sababu ya vijidudu: kati ya watu 10 wanaopata maambukizi ya tumbo, mmoja hivi hubaki na utumbo wa namna hii. Kwa hiyo maumivu yako ni ya kweli hata kama picha na vipimo havionyeshi kitu. Na IBS haigeuki kuwa saratani.

Kwanza kabisa: dalili ambazo si za mwongozo huu

Usianze hatua yoyote hapa chini, nenda kwa daktari, ikiwa una mojawapo ya haya: damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila kukusudia, homa, upungufu wa damu, kuamshwa usingizini na kuharisha au maumivu, uvimbe unaoushika tumboni, dalili zilizoanza kwa mara ya kwanza ukiwa umefika umri wa miaka 45 au 50 na kuendelea, au ndugu wa karibu mwenye saratani ya utumbo mpana, ugonjwa wa siliaki (mwili kuudhuru utumbo wake mtu akila gluteni, protini ya ngano) au uvimbe sugu wa utumbo. Mwanamke aliyevuka miaka 50 ambaye tumbo limeanza kujaa mara kwa mara achunguzwe pia ovari (vifuko vya mayai ya uzazi), kwa sababu saratani ya hapo hujificha nyuma ya dalili zilezile.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Daftari dogo linaloingia mfukoni, na kalamu. Simu inafaa pia, mradi uandike papo hapo.

Majibu ya vipimo ulivyokwisha kufanya, na orodha ya dawa zote unazotumia, hata za mitishamba. Metformini ya kisukari huharisha, vidonge vya madini ya chuma na dawa za maumivu zenye kodeini hufunga choo. Nimeona watu wakihangaika na vyakula miezi mingi kumbe shida ni kidonge.

Chati ya Bristol, ile yenye picha saba za choo. Nitaieleza kwenye hatua ya 3.

Kistuli kifupi cha kuwekea miguu ukiwa chooni.

Na muda wa miezi mitatu hadi mitano hivi, ukipita hatua zote. Anayetaka nafuu kufikia Ijumaa ataruka hatua, na atarudi mwanzo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni IBS kweli

Daktari huangalia mambo haya: maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki, kwa miezi mitatu iliyopita, yaliyoanza angalau miezi sita nyuma, na yanayoambatana na mawili kati ya matatu: yanahusiana na kwenda haja kubwa, idadi ya safari za chooni imebadilika, umbo la choo limebadilika. Bila maumivu, kujaa gesi peke yake si IBS.

Vipimo vya kuomba si vingi. Picha nzima ya damu, kipimo cha uvimbe mwilini (CRP), kipimo cha damu cha siliaki, na kama unaharisha, kipimo cha choo cha kuangalia vimelea kama giardia pamoja na kile cha kaliprotektini kinachoonyesha kama utumbo una uvimbe. Daktari anaweza kuongeza kingine kulingana na historia yako.

Angalizo: usiache ngano kabla ya kipimo cha siliaki. Kipimo hicho hutafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza ukiwa unakula gluteni. Ukiacha, kingamwili hushuka, majibu yanatoka safi, na ugonjwa unabaki umejificha. Kama umekwisha kuacha, rudisha ngano kwenye zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa wiki sita, ndipo upime.

Hatua ya 2: Andika wiki mbili bila kubadili chochote

Hapa ndipo wengi hukosa subira. Usiache chakula, usianze dawa mpya. Andika tu: saa, ulichokula na kunywa, maumivu kwa alama 0 hadi 10, choo cha aina gani (1 hadi 7, tazama hatua ya 3), ulilala saa ngapi, siku ilikuwa na msukosuko gani. Kwa mwanamke, andika pia siku ya hedhi.

Ukurasa mmoja unaweza kuwa hivi:

Jumanne. Nimelala saa sita usiku, nimeamka saa kumi na moja. Saa moja asubuhi kahawa, mkate. Saa moja na nusu msokoto 6, mbio chooni, aina ya 6, maumivu yameshuka hadi 2. Saa saba mchana wali na maharage, nimekula haraka, kikao kinaanza. Saa kumi na moja tumbo limejaa, mkanda umebana, maumivu 4. Saa mbili usiku viazi na yai. Saa mbili na nusu tumbo linanguruma.

Msomaji wa haraka atasema mkate ndio uliomkimbiza chooni, na viazi ndivyo vilivyonguruma. Tazama tena. Msokoto ulikuja nusu saa baada ya mlo, na mkate hauwezi kuwa umefika utumbo mpana kwa muda huo. Kinachotokea ni kwamba tumbo likipokea chakula, lolote liwalo, hutuma ishara kwa utumbo mpana usukume kilichokuwamo tangu jana. Ishara hiyo ina nguvu zaidi asubuhi, na kahawa huizidisha. Gesi ya saa kumi na moja ndiyo inayoendana na maharage, maana vyakula vinavyochacha huchukua saa kadhaa kufika kwenye bakteria wa utumbo mpana. Na viazi vya usiku huenda havina kosa lolote. Ukielewa ukurasa huu mmoja, umejiepusha na kosa kubwa kuliko yote kwenye IBS: kulaumu chakula cha mwisho, kukifuta, kisha kinachofuata, mpaka mtu anabaki na vyakula vitano na tumbo bado linauma.

Hatua ya 3: Jua uko kundi gani

Kwenye chati ya Bristol, aina ya 1 ni vigololi vigumu, 2 ni kipande kigumu chenye mabonge, 3 na 4 ni choo kinachotakiwa, 5 ni vipande laini, 6 ni uji wenye vipande vilivyochanika, 7 ni maji matupu. Hesabu siku ambazo choo hakikuwa cha kawaida. Kama zaidi ya robo ni aina 1 na 2, na chini ya robo ni 6 na 7, wewe ni wa kufunga choo. Kinyume chake, wa kuharisha. Kama yote mawili yanavuka robo, ni mchanganyiko. Hesabu hii fanya kwenye siku ambazo hukutumia dawa ya kuzuia kuharisha wala ya kulainisha choo. Kundi lako ndilo litakaloamua dawa kwenye hatua ya 8, na dawa inayomsaidia rafiki yako inaweza kukuumiza wewe.

Hatua ya 4: Tengeneza ratiba kwanza, chakula baadaye

Kwa wiki nne fanya haya tu. Kula kwa saa zinazofanana kila siku, usiruke mlo halafu ukala mlima usiku. Tafuna. Kunywa vikombe kama 8 vya maji au vinywaji visivyo na kafeini. Chai na kahawa zisizidi vikombe 3 kwa siku. Punguza soda, pombe na vyakula vyenye mafuta mengi. Matunda yasizidi mafungu 3 kwa siku, kila fungu la gramu 80 hivi, na uyale kwa nyakati tofauti. Tembea nusu saa siku nyingi za wiki.

Chooni, kaa baada ya kifungua kinywa, wakati ile ishara niliyoitaja ina nguvu. Miguu juu ya kistuli, magoti juu kidogo ya nyonga, egemea mbele, pumua kwa tumbo. Dakika kumi zikipita bila kitu, inuka. Kukaza kwa nguvu huleta bawasiri na kufundisha misuli ya njia ya haja kufunga badala ya kufunguka.

Wapo wanaopata nafuu ya kutosha hapa na hawahitaji kwenda hatua ya 6. Ukiwa mmoja wao, ishia hapa kwa upande wa chakula.

Hatua ya 5: Nyuzinyuzi, ila si zote

"Kula pumba, kula matunda zaidi" ni ushauri unaotolewa ovyo. Pumba za ngano ni nyuzinyuzi zisizoyeyuka, na kwa wengi wenye IBS huongeza gesi na maumivu. Zinazosaidia ni zinazoyeyuka, hasa isabgoli, yaani maganda ya mbegu yanayovimba yakiguswa na maji. Anza na nusu kijiko cha chai kwa siku kwenye bilauri kubwa ya maji, unywe palepale kabla hayajawa uji mzito. Baada ya siku nne au tano ongeza nusu nyingine, polepole, mpaka choo kikae aina ya 3 au 4. Huwafaa wa kufunga choo na hata baadhi ya wanaoharisha. Mbegu za kitani, hadi kijiko kimoja kikubwa kwa siku, na oti pia hufaa.

Kosa la kawaida: kuanza na vijiko viwili siku ya kwanza, tumbo likajaa kama ngoma, mtu akaapa kwamba isabgoli ni sumu. Kosa la pili ni kuinywa na maji kidogo. Inaweza kukwama.

Hatua ya 6: Jaribio la FODMAP

FODMAP ni kundi la sukari na wanga fupifupi ambazo utumbo mwembamba hauzifyonzi vizuri. Huvuta maji, kisha bakteria huzichachusha na kutoa gesi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, ndio waliojenga mpango huu wa kula, na hadi leo hupima vyakula maabara. Mpango una awamu tatu, na wengi hufanya ya kwanza tu na kubaki humo miaka. Hilo ni kosa zito, kwa sababu vyakula hivyo ndivyo vinavyolisha bakteria wazuri.

Usijaribu peke yako bila mtaalamu wa lishe ikiwa uzito wako ni mdogo, una mimba, umewahi kuwa na matatizo ya kujinyima chakula, au mgonjwa ni mtoto.

Awamu ya kupunguza ni wiki 2 hadi 6, si zaidi. Weka kando kitunguu maji na kitunguu saumu, ngano na shayiri, maharage na dengu, maziwa, tufaha, embe, tikiti maji, asali, uyoga, koliflawa, na bigijii au peremende "zisizo na sukari" zenye sorbitoli, manitoli au zailitoli. Bado una mchele, viazi, unga wa mahindi, oti kwa kiasi, mayai, nyama, samaki, karoti, tango, spinachi, machungwa, na ndizi ambayo haijaiva sana. Ikiiva hadi kuwa na madoadoa, fruktani zake (mojawapo ya zile FODMAP) huongezeka.

Jambo moja la jikoni ambalo limewaokoa wengi: fruktani za kitunguu saumu huyeyuka kwenye maji, haziyeyuki kwenye mafuta. Kaanga vipande vikubwa vya kitunguu saumu kwenye mafuta, vitoe vyote, kisha pikia mafuta hayo. Harufu na ladha vipo, fruktani zimebaki kwenye vipande. Lakini ukivitia kwenye mchuzi wenye maji na kuvitoa baadaye, umechelewa, zimekwisha kuingia kwenye mchuzi. Tengeneza ya kutumia siku hiyohiyo, usiyaache nje siku kadhaa, maana mafuta yenye kitunguu saumu yakikaa kwenye joto yanaweza kuotesha bakteria wenye sumu hatari sana.

Ukipata nafuu, awamu ya kurudisha inaanza mara moja. Chukua chakula kimoja kimoja. Kwa laktosi, sukari ya maziwa: siku ya kwanza robo kikombe cha maziwa, siku ya pili nusu kikombe, siku ya tatu kikombe kizima, huku mengine yote yakibaki kama yalivyokuwa kwenye awamu ya kupunguza. Tumbo likikataa siku ya pili, simama hapo, andika "nusu kikombe ni nyingi". Pumzika siku mbili tatu mpaka utulie, kisha nenda kwa kingine: embe au asali kwa fruktosi (sukari ya matunda), mkate kwa fruktani za ngano, kitunguu maji peke yake, kitunguu saumu peke yake, maharage, uyoga. Usipime viwili pamoja. Kazi hii huchukua wiki 6 hadi 8.

Awamu ya tatu ni maisha yako: unarudisha vyote ulivyovimudu, unapunguza vilivyokuumiza kwa kiwango kilichokuumiza. Watu wengi hugundua vinavyowasumbua ni viwili vitatu tu. Navyo uvijaribu tena baada ya miezi kadhaa, uvumilivu wa utumbo hubadilika.

Usilipie vipimo vya damu vya IgG vinavyodai kutaja vyakula "visivyokubaliana nawe". Kingamwili hiyo huonyesha tu kwamba umewahi kula chakula hicho.

Hatua ya 7: Utumbo na ubongo

Hatua hii haina maana kwamba "unajitakia". Mishipa ya utumbo na ubongo huzungumza pande zote mbili, na kutuliza upande mmoja hutuliza mwingine.

Lala chali au kaa, mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu 4, mkono wa tumboni uinuke, wa kifuani utulie. Toa ukihesabu 6. Dakika tano, mara mbili kwa siku, na kila msokoto unapoanza. Usisubiri siku mbaya ndipo ujifunze, mwili haujui kitu ulichokifanya mara moja.

Kama dalili zimekaa mwaka mzima na dawa hazijatosha, uliza kuhusu tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mazoea, au hipnosi (kutulizwa na mtaalamu hadi hali kama ya usingizi mwepesi) inayolenga utumbo. Zote zimejaribiwa kitafiti kwa wagonjwa wa IBS, na hipnosi imekuwa ikichunguzwa tangu miaka ya 1980 huko Manchester, Uingereza.

Hatua ya 8: Dawa, kulingana na kundi lako

Zungumza na daktari au mfamasia kwanza. Kwa misokoto: hiosini au mebeverini, au vidonge vya mafuta ya minti vyenye ganda linaloyeyukia utumboni. Vya minti usivitafune, ganda likivunjika mapema utapata kiungulia.

Kwa kuharisha: loperamidi. Hupunguza safari za chooni, haitulizi sana maumivu. Usiitumie ukiwa na homa au damu kwenye choo, na usizidishe dozi, ikizidi huathiri moyo.

Kwa kufunga choo: isabgoli ikishindwa, makrogoli. Laktulosi iepuke, huchacha na kuongeza gesi.

Kwa maumivu yasiyosikia hayo: amitriptilini kwa dozi ndogo, kuanzia miligramu 10 usiku. Ni dawa ya zamani ya sonona, lakini kwa dozi hii inatuliza mishipa ya utumbo. Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza na kuchapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2023 ulionyesha inasaidia zaidi ya kidonge kisicho na dawa. Mtu akiandikiwa hasikitike kwamba daktari amemwona mgonjwa wa akili.

Probiotiki (bakteria wazuri wa kumeza): chagua moja, itumie angalau wiki 4, bila mabadiliko iache.

Mambo yakikwama

Wiki sita za kupunguza FODMAP na hakuna kilichobadilika. Kagua kwanza kitunguu kilichojificha kwenye viungo vya unga, supu za pakiti na soseji. Kama hukuteleza, rudisha vyakula vyote. Kwako tatizo haliko huko, nenda hatua ya 7 na 8. Kama unaharisha na umewahi kutolewa kifuko cha nyongo, mwulize daktari kuhusu kuharisha kwa sababu ya nyongo, kuna dawa yake.

Nilikuwa sawa miezi miwili, limerudi. Usifute vyakula. Soma daftari la siku tatu nne zilizopita: usingizi, antibiotiki, safari, msiba, mitihani. Rudi kwenye milo midogo na isabgoli kwa kiwango chako, na upe siku chache.

Tumbo linavimba kila jioni hata nikila kidogo. Angalia kama unafunga choo. Choo kilichosalia ndani hushikilia gesi, na mtu anaweza kwenda kila siku lakini hamalizi. Legeza pia nguo kiunoni.

Linazidi kwenye hedhi. Ni kawaida, homoni hubadilisha mwendo wa utumbo. Usifanye jaribio la kurudisha chakula siku hizo, majibu yatakudanganya. Maumivu ya hedhi yakiwa makali mno, uliza kuhusu endometriosisi (tishu kama za ndani ya mji wa mimba kuota nje yake).

Daktari ameniambia ni mawazo tu. Chukua daftari lako la wiki mbili, hesabu zako za Bristol na orodha ya dawa, uende kwa mwingine. Mwonyeshe ukurasa wenye siku mbaya kuliko zote, kisha mwulize swali moja: "Mimi ni wa kundi gani, na tunaanza na nini?"

Nimeanza kuamka usiku kuharisha, zamani haikuwa hivyo. Hili halisubiri mwisho wa jaribio wala siku ya miadi. Mpigie daktari simu wiki hii hii, hata kama ulithibitishiwa IBS miaka kumi iliyopita.